NFS au Samba kwa folda ya pamoja: ipi inatunza vizuri ruhusa za watumiaji?

Mchapaji: Wakuu, salamu. Ofisi yetu ya uchapishaji imenunua seva ndogo, na inatakiwa ianze kazi Jumatatu. Kila nikiunganisha folda ya pamoja kwenye kompyuta za wafanyakazi, faili zote zinaonekana ni mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), wao wanaweza kuzisoma lakini hawawezi kuandika. Kati ya njia hizi mbili za kushiriki folda kwenye mtandao, nitumie NFS au Samba?

Kasuku Kimya: Mkuu, umeomba dawa bila kueleza ugonjwa. Kompyuta ni ngapi, zote ni Linux, na umeandika nini katika /etc/fstab, faili inayotaja folda za kuunganishwa kompyuta inapowaka?

Mchapaji: Samahani, ndugu. Sita ni Ubuntu (aina ya Linux) na moja ya mhasibu ni Windows. Sasa natumia Samba, na katika mstari wangu nimeweka jina la mtumiaji na nywila tu.

Kasuku Kimya: Basi tatizo ni hilo. Usipotaja uid (namba ya mtumiaji) na gid (namba ya kundi), root aliyeunganisha ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye faili. Ongeza uid=1000, gid ya kundi la ofisi, file_mode=0664 na dir_mode=0775, ili mwenye faili na kundi lake waweze kuandika. Nywila iondoe humo leo hii, kwa sababu fstab husomwa na kila mtumiaji; iweke katika faili ya pekee yenye ruhusa ya 600 (mwenyewe tu asome na kuandika), uitaje kwa credentials=. Fahamu pia kwamba namba hizo hubadilisha tu kile kinachoonekana kwenye kompyuta ya mfanyakazi, maana seva bado itaihesabu kila kazi kuwa ya yule ambaye jina lake limo katika faili ya nywila.

Nahodha: Ndiyo maana mimi napendekeza NFS kwa zile sita. Umiliki halisi wa faili unabaki kama ulivyo kwenye seva, na chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, inafanya kazi tulivyoizoea.

Mti Mkavu: Nahodha, naomba nitahadharishe, kwa kuwa jambo hili lilinipata. NFS ya kawaida humtambua mtu kwa namba, si kwa jina. Katika ofisi niliyofanyia kazi zamani nilisakinisha Ubuntu kwenye kila kompyuta peke yake, na kwa kuwa mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, seva ilituona sote kuwa mtu mmoja. Dada wa mishahara aliifunga folda yake kwa ruhusa ya 700 (mwenyewe tu aifungue) akiamini yuko salama, kumbe kijana wa stoo aliifungua bila kizuizi na kusoma mishahara ya ofisi nzima. Nilipobadilisha namba za watumiaji kwa amri ya usermod, faili zilizokuwa kwenye seva zilibaki na 1000, ikanibidi nikeshe na chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, nikimwuliza kila mtu zipi ni zake, kwa sababu namba yenyewe isingeweza kutuambia.

Nahodha: Kosa lilikuwa katika usakinishaji, si katika NFS. Panga namba kabla ya kuunganisha chochote, na usiizime root_squash, inayomzuia root wa kompyuta ya mfanyakazi kuwa root kwenye seva.

Bi Tarishi: Mbona hamjaitaja SSHFS, inayounganisha folda kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali? Anayeweza kuingia kwenye seva kwa SSH haongezi huduma nyingine, na idmap=user inamlinganishia namba yake.

Kasuku Kimya: Kwa mtu mmoja ni sawa, Bi Tarishi. Kwa ofisi, kila mfanyakazi lazima aunganishe ya kwake, na mhasibu wa Windows atahitaji programu ya ziada.

Nahodha: Chochote utakachochagua, weka katika fstab nofail (kukosekana kwa folda kusizuie kuwaka) na x-systemd.automount (folda iunganishwe inapohitajika). Umeme ukikatika na seva ikachelewa kuwaka, kompyuta bila hizo inaweza kukwama wakati wa kuwaka.

Mti Mkavu: Kwa hilo nakubaliana nawe. Kwa ruhusa, Samba ina chaguo la multiuser, ambapo kila mmoja huingia kwa nywila yake, na seva inamjua kwa jina.

Mchapaji: Nimejaribu uid na gid, na sasa wanaandika. Lakini mhasibu ameniuliza kama wale sita wataweza kufungua folda yake ya malipo, na nimeangalia: kompyuta nne kati ya sita zina mtumiaji mwenye namba 1000.

Mti Mkavu: Usihamishe faili hata moja kwanza. Tuandikie orodha ya watumiaji na namba zao.