Mshahara wa mkurugenzi na kadi ya kijani

Mzee wa Kigogo: Wakuu, wakurugenzi wa halmashauri na makatibu wakuu wote ni wateule wa Rais. Kuna waliobwagwa kura za maoni za CCM, kesho yake wamekalia ofisi. Mshahara wao ule tunalipia utaalamu au tunalipia kadi ya CCM?

Karani Mstaafu: Mtaalamu usipomlipa vizuri anahamia benki. Magufuli 2016 alisema mshahara mwisho milioni 15 kwa mwezi. Sawa, ila ukibana mshahara, watu wanahamia kwenye safari. Nimeandaa masurufu, hela za safari, ya mabosi mpaka kidole kimeota sugu. Semina ya siku mbili, posho ya siku tano.

Binti Temeke: Kwa hiyo milioni 15 ndiyo kubanwa? Mwambie hivyo mwalimu wa huku Mbagala.

Karani Mstaafu: Dada, wewe wa Mbagala mambo ya katibu mkuu utayajulia wapi? Labda V8 lake likikurushia vumbi.

Binti Temeke: Mbagala imeingiaje? Nauza soda Rangi Tatu, kila chupa ina kodi. Hilo V8 tairi moja ni langu.

Kijana wa Sinza: 😂😂 Tairi la akiba.

Mpenda Katiba: Turudi kwenye mada. Mahakama Kuu Mei 2019 ilisema wakurugenzi wasisimamie uchaguzi, hoja mojawapo ikiwa hiyohiyo ya ukada. Oktoba, Mahakama ya Rufani ikatengua.

Kijana wa Sinza: Nyerere si alijikata mshahara? Azimio la Arusha, 67.

Mzee wa Kigogo: Kabla ya Azimio, kijana. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga JKT. Akawafukuza, akajikata asilimia 20.

Karani Mstaafu: Enzi hizo chama kilikuwa kimoja, nani angeuliza kadi? Bosi wangu mmoja aliweka ya kijani droo moja na hati ya mshahara. Ugeni ukija kutoka mkoani, droo inaachwa wazi kidogo.

Binti Temeke: Na wewe ukanyamaza, ukamwandikia siku tano. Halafu leo Mbagala ndiyo hawajui kitu.

Karani Mstaafu: Nilikuwa na watoto wanasoma, mwanangu.

Binti Temeke: Sasa hivi nimekuwa mwanao? Muda ule nilikuwa wa vumbi.

Mzee wa Kigogo: Jamani, swali langu…

Kijana wa Sinza: Dada, chumba na sebule Zakhem siku hizi ni bei gani? Sinza imenishinda.