Tupeane uzoefu: waliotumia projesteroni baada ya mimba kutoka mara kwa mara

Mwana_wa_Tandika
Habari zenu wapendwa. Naomba wale ambao mimba zimekuwa zikitoka mara kwa mara, halafu wakaanzishiwa homoni ya projesteroni, waje hapa tuzungumze.

Mimi zimeshanitoka tatu mfululizo, zote changa. Ya mwisho mapigo ya moyo yalikuwa yameshaonekana. Niliporudi kupima tena, daktari akaizungusha ile mashine tumboni, akairudisha palepale, akaigeuza skrini upande wake, kisha akaniambia nijifute nivae. Hapo nilishaelewa.

Sasa nimepata daktari mwingine wa kina mama. Kaniandikia projesteroni, anasema nikipima tu nikaona mistari miwili nianze. Mama mkwe naye kaleta mizizi ya chango kutoka Handeni, imelowekwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, iko chini ya sinki. Nataka kusikia kwa waliotumia hii dawa: ilisaidia, haikusaidia, mwili uliipokeaje, mliacha lini. Msiniambie nimtegemee Mungu, namtegemea tayari.

MamaPacha_Mbagala
Karibu shosti, pole sana. Mimi ni shuhuda. Nilishapoteza tatu kama wewe. Ya nne ikaanza kutoa vitone vya damu ya kahawia, nikajua basi, tunaanza tena. Daktari akaniandikia Duphaston, vidonge vya kumeza vya jamii ya projesteroni, miligramu 10 asubuhi na jioni. Damu ikakata. Leo nina pacha wanaogombania rimoti.

Kuhusu mwili: usingizi! Nilikuwa nikikaa kwenye daladala napitiliza kituo, konda ananiamsha Rangi Tatu gari tupu. Matiti yanauma hata kanga ikigusa. Na choo kigumu, papai lisikosekane ndani. Lakini mtu asije hapa kuniambia haifanyi kazi. Watoto wangu ndio ushahidi.

Mfamasia_wa_Zamu
MamaPacha hongera kwa pacha, na usinikasirikie kwa nitakayoandika.

Tuanze na kazi yake. Yai likishatoka, pale lilipotoka kwenye ovari hubaki kifuko, na kifuko hicho ndicho kinachotengeneza projesteroni ya kutunza ukuta wa kizazi. Kinabeba kazi hiyo hadi kondo la nyuma lishike zamu, kama wiki ya 8 hadi ya 10. Kwa hiyo wazo la kuongezea homoni kwa mwanamke ambaye mimba zake hutoka changa halikuja hewani.

Tatizo ni kwamba lilipopimwa sawasawa, majibu hayakuwa kama tulivyotarajia. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa PROMISE, wa Uingereza na Uholanzi. Wanawake 836 waliopoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana waligawanywa: wengine wakapewa projesteroni ya kuweka ukeni, wengine dawa bandia, na hakuna aliyejua kapewa ipi. Waliojifungua watoto hai katika kundi la dawa ni asilimia 65.8. Kundi la dawa bandia, asilimia 63.3. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuisimamia.

Angalieni hiyo namba ya pili kwa makini. Karibu theluthi mbili ya waliotumia dawa bandia walipata mtoto. Ndiyo maana kila dawa humu ina shuhuda wake, na mizizi ya Handeni nayo ina wake.

MamaPacha_Mbagala
Asilimia, asilimia. Hizo asilimia ungeniletea mimi usiku ule nimekaa chooni natazama karatasi yenye damu?

Mfamasia_wa_Zamu
Dada yangu, ungenisubiri nimalize, maana ninayofuata kusema yako upande wako. Watafiti haohao wa Uingereza walifanya mwingine, PRISM, ukatoka 2019. Huu uliwachukua wanawake waliokuwa tayari wanatoka damu mimba ikiwa changa, zaidi ya 4,000. Kwa jumla, asilimia 75 dhidi ya 72. Ila walipowatazama peke yao wale waliokuwa wanatoka damu na huko nyuma wameshapoteza mimba tatu au zaidi, ikawa asilimia 72 kwa waliotumia dawa na 57 kwa wasiotumia. Wewe ulikuwa unatoka damu, na ulishapoteza tatu. Umeingia kwenye kundi lenyewe, ingawa wao walitumia ya kuweka ukeni na wewe ulimeza aina nyingine.

MamaPacha_Mbagala
Haya. Ungeanzia hapo.

Binti_Kisauni
Salaam aleikum. Mie niko Mombasa, na yangu ni tofauti na ya dada hapo juu.

Nilipewa projesteroni mimba mbili tofauti. Mara ya kwanza vidonge, mara ya pili sindano ile ya mafuta mazito, makalio yakajaa vinundu hata kukaa kwenye matatu ni taabu. Zikatoka vilevile. Kila daktari aliniongezea homoni, hakuna aliyeuliza kwa nini. Nyumbani nako maneno: mara jini, mara kombe, mara wifi kasema nimekula vitu vya baridi.

Alokuja kuuliza ni daktari mmoja kijana. Akanipeleka kupima damu kutazama kama mwili wangu unatengeneza kingamwili zinazofanya damu igande kwenye kondo. Ikaonekana. Akasema hatupi jina ugonjwa kwa kipimo kimoja, tungoje wiki 12 turudie. Wallahi zile wiki nilizihesabu. Ikaonekana tena. Wenyewe wanaita sindromu ya antifosfolipidi.

Dawa yake haikuwa homoni kabisa. Ni aspirini ya dozi ndogo na heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ya kudunga tumboni kila siku. Mume wangu ndiye alojifunza: abana ngozi kwa vidole viwili, aingiza sindano wima, asukuma taratibu, ahesabu hadi kumi kabla kuachia. Tumbo likawa madoa ya zambarau kote. Bima ikakataa kulipia, tukauza pikipiki. Kijana wangu sasa yuko chuoni ahifadhi juzuu.

Mwanangu wa Tandika, hiyo projesteroni tumia ukitaka. Lakini muulize daktari wako: amekupima nini?

Mwana_wa_Tandika
Dada Kisauni umenigusa. Nimepimwa altrasaundi na kaswende na malaria. Basi. Hicho kipimo cha kingamwili sijawahi hata kukisikia.

Baba_Kijacho
Samahani kina mama, naingia kidogo. Kwetu ilikuwa tezi ya shingo. Mke wangu alikuwa amechoka muda wote, nywele zinadondoka, tunasema ni mawazo ya kupoteza watoto. Kipimo cha TSH, homoni inayoiamsha hiyo tezi, kikawa juu mno, maana yake tezi inafanya kazi kidogo. Akaanzishiwa levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi: asubuhi, tumbo tupu, maji matupu, chai baadaye. Mimba ilipoingia dozi ikaongezwa papo hapo. Sasa ni miezi saba. Mama yangu nilimwambia mimi mwenyewe aache kumpigia simu mke wangu kumuuliza "vipi huko". Wanaume fanyeni hiyo kazi, msimwachie mwanamke.

Mtoto_wa_Pwani_Birmingham
Nimekaa Uingereza muda mrefu, niwape ya huku. Tangu Novemba 2021 mwongozo wa kitaifa unasema mwanamke mwenye mimba iliyoonekana ndani ya kizazi, anayetoka damu, na aliyewahi kupoteza mimba hata moja, apewe projesteroni ya kuweka ukeni miligramu 400 mara mbili kwa siku. Mapigo ya moyo yakionekana anaendelea mpaka atimize wiki 16. Kama hutoki damu, mwongozo hauwalazimishi kukupa, na mimi walinikatalia hivyo mara ya kwanza nikalia hadi mapokezi.

Iliyofuata nilitoka damu, nikapewa, nikaweka kwa saa zake. Mimba ikaacha kukua kimyakimya. Damu yenyewe ilishakata na matiti yalikuwa yanauma bado, kwa hiyo bila altrasaundi nisingejua. Hilo wengi hawaambiwi: dawa hii inakupa dalili za mimba na inaweza kuchelewesha damu hata mtoto akiwa hayupo. Msikae bila kurudi kupimwa kwa sababu tu hamuoni damu.

Nilichopoteza wakakipeleka maabara, kikawa na kromosomu ya ziada, yaani vile vibeba vinasaba vilizidi. Projesteroni yote ya dunia isingeizuia ile. Sijui niwaelezeje, lakini siku niliyopewa jibu hilo nililala usiku kucha bila kushtuka.

Mfamasia_wa_Zamu
Nashukuru umelisema. Mimba changa zinazotoka, karibu nusu au zaidi sababu ni hitilafu ya kromosomu. Na mnaokuja dirishani kwangu mkitaka projesteroni bila cheti kwa sababu shoga alipona nayo, naomba mkapimwe kwanza.

Mwana wa Tandika, ile chupa chini ya sinki: sijui ni mizizi gani, na aliyeiuza naye hatakwambia ina nini na kiasi gani. Ipo mitishamba inayofanya kizazi kikaze. Ukishaona mistari miwili usiinywe.

Mwana_wa_Tandika
Chupa nimeshamwaga, mama mkwe anajua nakunywa. Ijumaa naenda kwa daktari na orodha: kingamwili, tezi, sukari. Swali la mwisho, mnisamehe. Hivi vya kuweka ukeni nikiviweka kuna uchafu mweupe unatoka, kama mafuta ya mshumaa. Si dawa yote inatoka hapo? Daktari kaniambia nijaribu siku mbili nizoee.

Mtoto_wa_Pwani_Birmingham
Hapana mpenzi, hiyo ni nta ya kidonge, dawa inakuwa imeshanyonywa. Weka ukiwa kitandani, ulale kama nusu saa, uvae pedi nyembamba, tamponi usitumie. Ila usiendelee nayo kabla yai halijatoka, inaweza kuvuruga mzunguko. Mpigie daktari leo umuulize kama kweli alimaanisha uanze sasa.