Mpenzi wangu ananizidi kipato mara tatu, matumizi tugawaneje?

Mwenye Swali: Wakuu habari zenu. Naishi na mpenzi wangu, mshahara wake ni kama mara tatu ya wangu, ila tulikubaliana kila kitu nusu kwa nusu, kodi, umeme, msosi, intaneti. Sasa mwezi haujafika hata katikati mimi nimeshakauka, na yeye ndo kwanza kanitumia picha za nyumba kubwa zaidi anasema tuhamie. Nikisema siiwezi naona kama najidhalilisha, nikikubali ni madeni. Nyie mnafanyaje?

Kalamu Nyekundu: Mkuu nusu kwa nusu inasikika haki mpaka upige hesabu. Tuseme wewe unapata 100, yeye 300, matumizi ya pamoja 160. Kila mtu akitoa 80 wewe unabaki na 20, yeye 220. Mkitoa asilimia 40 kila mmoja, wewe unatoa 40 unabaki na 60, yeye anatoa 120 anabaki na 180, bado kakuacha mbali tu na wala hajaonewa. Mpe hizo namba kwenye karatasi, usianze na lawama.

Dobi: Kwanza wewe ni ke au me?

Mwenye Swali: Inabadilisha nini kwenye hesabu mkuu?

Bibi Shamba: Dobi bana 😂. Mi ndo mwenye hela nyingi kwetu na asilimia tunatumia, ila kuna kitu hapo juu hakijasemwa. Anayetoa zaidi huwa anajisahau anaanza kuamua peke yake, sofa gani, tuhamie wapi, ndugu wa nani asaidiwe mwezi huu. Hayo muyaongee kabla ya asilimia. Na mwenye kutaka makubwa agharamie ile tofauti, kama kodi ya sasa mnaimudu wote na yeye anataka chumba cha ziada cha kufanyia kazi, hicho ni chake. Halafu angalia nani anapika, nani anafua, maana kuna watu wanatoa hela kidogo ila nyumba yote iko mgongoni mwao na hakuna anayehesabu.

Mwenye Swali: Kufua na kupika ni mimi karibu siku zote aisee, na anajua mshahara wangu ila madeni yangu hajui.

Kalamu Nyekundu: Basi anza na madeni, tena kabla hamjasaini mkataba wa hiyo nyumba.