Tupeane uzoefu: kupima matiti kliniki kutafuta kansa, nini hufanywa na nini hurukwa

MamaKliniki: Kushikwa titi dakika moja ukiwa umekaa si kupimwa. Kwanza utazamwe, mikono kiunoni kisha juu ya kichwa: ngozi imebonyea? chuchu imeingia ndani? ngozi imekuwa kama ganda la chungwa? Halafu ulale chali, upapaswe kwa nyama ya vidole vitatu, siyo ncha, toka mtulinga hadi chini ya titi, kwa mgandamizo mwepesi, wa kati na mzito. Kwapa halirukwi. Nenda siku chache baada ya hedhi. Kabla yake titi huvimba na kudanganya mkono.

ChumbaChaPicha: Naunga mkono. Siku ya mamogramu (eksirei ya titi) usipake poda wala diodoranti, chembe zake huonekana kwenye picha kama chokaa ndani ya titi.

Nesi_K: Kila mtu ajipapase bafuni kila mwezi, inatosha.

MamaKliniki: Haitoshi, dada. Katika utafiti wa Shanghai, China, walifundisha wanawake kujipapasa, vifo havikupungua. Katika ule wa Mumbai, India, wahudumu waliofunzwa waliwapapasa wanawake kila miaka 2. Kwa waliofikisha miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Nesi_K: Na aliye mbali na kituo asubiri? Alijue titi lake, akiona kitu kigeni aende.

Maabara2: Mnagombania mlangoni, balaa liko ndani! Uvimbe unakatwa, kopo lenye kinyama (kipande cha kupimwa maabara) anapewa ndugu bila maelezo, linaishia kabatini. Au kinyama kinaletwa kwenye maji ya chumvi, kimeshaharibika. Kiingie papo hapo kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama, lebo ubavuni mwa kopo, siyo kwenye kifuniko. Kikikaa humo chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72, kipimo cha vipokezi vya homoni (kinachoonyesha kama kansa itasikia dawa za homoni) kinaweza kutoa jibu la uongo, na mgonjwa akose dawa iliyomfaa.

Bint_Mwambao: Mungu wangu. Na sindano ya kutoa kinyama haisambazi kansa?

Maabara2: Haisambazi. Sindano itangulie kisu.

ChumbaChaPicha: Chini ya miaka 40 aanze na ultrasaundi. Nyama ya titi bado nzito, mamogramu hukosa mengi.

Nesi_K: Na "jipu" la titi kwa asiyenyonyesha, wiki 2 za antibiotiki bila nafuu, kitolewe kinyama.

MamaKliniki: Hapo tuko pamoja. Andikeni tarehe ya kwanza mlipoonyesha uvimbe. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu hapo.