Kalavati limebebwa na maji mara ya pili: pesa zitoke mfuko gani?

Mkaazi wa Jilore
Assalam aleikum wadau. Kalavati la barabara yetu ya vumbi, mstari mmoja wa mabomba ya milimita 600, limebebwa na mafuriko. Liliwahi kujengwa upya, kwa mabomba ya kipimo kilekile. Tukiuliza tunaambiwa tungoje mfuko wa dharura. Je, huo ndio wa kungojea? Na tudai lijengwe vipi?

Bajeti_Pwani
Waaleikum salaam. Hakikisheni kwanza barabara ni ya nani: barabara za daraja A na B ni za KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za kitaifa), C ni za KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini), D kushuka chini ni za kaunti. Barua ikienda mlango usio wake, mwaka wa fedha unapita hivi hivi.

Mfuko wa dharura wa kaunti umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kwa haja isiyotarajiwa ambayo haiwezi kungoja. Utawafaa kujaza mawe na kifusi ili watu wapite kwa sasa. Lakini kalavati linalokwenda kila mvua kubwa huwezi kuliita jambo lisilotarajiwa. Ujenzi wa kudumu uingie kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaofikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Wengi huamka Aprili, makadirio ya bajeti yakiwa tayari yanaandikwa, na hapo wamechelewa.

Pelekeni memoranda, yaani maoni yenu kwa maandishi, kwa karani wa bunge la kaunti: picha zenye tarehe, mita ngapi za barabara zimekatika, na alama maji yalipofika. Alama hiyo ipimeni sasa, kabla haijafutika.

Fundi Barabara
Tundu la bomba la 900 lina eneo mara 2.25 ya la 600, kwa hiyo dai 900. Ila kipimo peke yake hakitoshi. Mara nyingi kinachotangulia kwenda ni udongo, bomba likiwa bado zima: maji hupanda juu ya barabara, hushuka upande wa pili kwa kasi, huchimba pale yanapotokea, mabomba yakabaki hewani na maungio yakaachana.

Kwa hiyo jengeni kuta kwenye midomo ya mabomba na kuta za mabawa kandokando yake, pande zote mbili, sakafu ya zege maji yanapotokea, halafu gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Sanduku la mita 2 × 1 × 1 linakula mita 2 za ujazo za mawe. Chini yake tandikeni kitambaa cha kuchuja, la sivyo udongo utanyonywa taratibu. Kifusi kishindiliwe tabaka la milimita 150 kwa 150, kushoto na kulia kwa bomba kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, bomba linasukumwa.

Ikiwa hapo ndipo mto Sabaki ukijaa hurudisha maji bondeni, mabomba hayatasaidia, maji hayana pa kwenda na tope litayaziba. Dai drifti, sakafu ya zege ambayo maji hupita juu yake. Magari yatasimama mto ukijaa, lakini barabara itabaki. Kumbukeni mto huu huleta maji ya mvua ya bara kupitia mto Athi. Unaweza kufurika Malindi kukiwa kukavu.

Bajeti_Pwani
Tarehe nazo ni muhimu. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, na idhini ya pesa ambazo hazijatumika hukoma. Ndipo utaona kazi inakimbizwa Mei na Juni, mvua ya pwani ikiwa kali, na udongo uliolowa chepechepe haushindiliki. Dai zabuni itangazwe Septemba, kazi ifanywe Januari hadi Machi. Muda wa mkandarasi kuwajibikia kasoro uwe miezi 12. Ukiwa 6 na kazi ikaisha Julai, Januari anachukua amana yake (sehemu ya malipo iliyozuiliwa) kabla masika hayajaijaribu kazi.

Mkaazi wa Jilore
Shukran sana. Mawe ya matumbawe ya huku yanafaa kwa gabioni?

Fundi Barabara
Yale magumu, ndiyo, ya milimita 100 hadi 250. Madogo hupenya matundu ya waya. Yale laini ya kukatwa kwa msumeno usiyatie. Ligonge jiwe kwa nyundo: likitoa unga, liache.