Vifaa vya kusomea vitabu vyenye kioo cha rangi: faida au mbwembwe?

Mleta mada:
Wakuu, tangu Kobo na Kindle watoe matoleo ya rangi mwaka 2024, kila anayetafuta kifaa cha kusomea anajiuliza: cha rangi au cha kawaida? Mimi nasema cha kawaida, na sababu yangu si bei.

Kioo cha wino wa kielektroniki kina chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa juu na chini kwa umeme. Kaleido 3, yaani teknolojia ya kioo cha rangi iliyomo kwenye Kobo hizo za rangi, haikuzigusa chembe hizo. Imezifunika tu kwa tabaka la vichujio vya nyekundu, kijani na bluu, na vichujio vinakula mwanga. Ndiyo maana ukurasa unakuwa kijivu na unajikuta unawasha taa hata mchana. Isitoshe, maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi, rangi 150 tu. Yaani riwaya ya kurasa 400 unaisoma ukunguni ili ulifurahie jalada lake mara moja, na jalada lenyewe limepauka kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima!

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, sisi tunaosomea mitihani umetusahau. Mimi napigia mstari kwa njano hoja, kwa waridi nisichokubaliana nacho, kwa bluu cha kurudia. Kwenye kioo chako cha kawaida zote zinakuwa kijivu. Na ramani ikisema "tazama eneo jekundu" unatazama nini?

Mleta mada:
Kwenye kupigia mstari umenishinda, nakiri. Ramani bado. Kwenye kioo cha inchi 7, jina la mto lililoandikwa kwa bluu, herufi ndogo, kwa nukta 150? Hiyo ni kazi ya tableti.

Mchangiaji wa 2:
Tableti inayoomba chaji kila jioni? Hapana. Mimi ni wa vibonzo, na rangi iliyopauka naipokea kwa mikono miwili.

Mchangiaji wa 3:
Mbona hakuna anayeitaja Gallery 3, ile teknolojia nyingine ya kioo cha rangi? Ile chembe zenyewe ndizo zenye rangi, haina kichujio. Tatizo lake ni kuchelewa kubadilisha ukurasa.

Mchangiaji wa 4:
Mimi ni riwaya tu, usiku, taa imewashwa. Nitaona tofauti?

Mleta mada:
Usiku na taa, ndogo sana. Viweke vyote viwili dirishani mchana, taa zimezimwa, halafu urudi hapa.