Babu yetu Mwitaliano wa Ngomeni: tutawapataje jamaa zake?

Mjukuu wa Ngomeni

Hamjambo nyote. Mama yangu alizaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mwaka 1972. Baba yake alikuwa Mwitaliano aliyewapikia wafanyakazi wa kituo cha San Marco, kile kilichokuwa kikirusha setilaiti kutoka kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini. Babu alirudi kwao mwaka 1975, akaandika barua saba, ya mwisho mwaka 1979, kisha kimya. Bibi alipofariki tulizikuta barua hizo ndani ya kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi wa kushonea, na chini yake picha ya kijana mwembamba aliyejifunga aproni, akicheka.

Kitu kingine alichotuachia ni chuma cha kuokea. Kina mikono miwili mirefu kama ya koleo, na mwishoni mna mabamba mawili ya duara yenye mistari iliyokatana kama wavu. Bibi alikuwa akikipasha moto juu ya jiko la makaa, akatia kijiko cha unga uliokorogwa na mayai, sukari na iliki, akayabana mabamba, kisha akanong'ona maneno tuliyodhani ni ya kuhesabu kabla ya kukigeuza. Mama anakumbuka mawili tu: "grasia plena". Katikati ya bamba moja pamechongwa herufi mbili, nazo si za jina la babu.

Tumekwama kwenye bahasha. Nyuma ya kila moja pameandikwa "Mitt." na maneno mengine yaliyofifia, ndiyo sababu nyumbani kwetu babu anaitwa Miti hadi leo. Kwenye muhuri wa posta tunasoma 66 mwanzoni na CH mwishoni. Mjomba aliambiwa kwamba CH ni Uswisi, akaandika barua huko miaka mingi bila kupata lolote. Hatutafuti mali wala pasipoti. Mama anataka kujua anafanana na nani, nami ningependa awajue watu hao angali na nguvu zake.

Mwajuma wa Pescara

Dada yangu, nimesoma swali lako nikiwa kazini, na ilinibidi niketi. Ninatunza wazee huku Abruzzo, Italia, kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na chuma hicho ninakijua kwa macho na kwa mikono yangu. Mikate yenyewe huitwa pizzelle au ferratelle. Zamani chuma kama hicho kilikuwa sehemu ya vyombo vya bibi harusi, kikichongwa herufi za jina lake au za ukoo wake, kwa hiyo herufi ulizoziona huenda ni za mama yake babu, au hata za nyanya yake. Ziandike mahali pa salama, kwa kuwa katika nyaraka za Italia mwanamke hubaki na jina la ukoo aliozaliwa hata baada ya kuolewa, na herufi hizo zinaweza kuthibitisha kwamba mmempata mtu sahihi.

Sasa yale maneno. "Gratia plena" ni maneno ya Salamu Maria, sala ya Wakatoliki, kwa Kilatini. Wanawake wa huku hawakuwa na saa jikoni: walisali Salamu Maria upande mmoja ukiiva, wakageuza chuma, wakasali Baba Yetu kwa upande wa pili. Babu alimfundisha bibi yako kipimo cha muda, naye akakihifadhi miaka yote hiyo.

Bahasha nazo zinasema mengi. "Mitt." si jina la mtu, ni kifupi cha "mittente", yaani mtumaji. Jina la babu ndilo linalofuata, na huenda jina la ukoo limetangulia, kwani Waitaliano huandika hivyo mara nyingi. CH hapa si Uswisi bali ni alama ya jimbo la Chieti, hapa hapa Abruzzo, na misimbo ya posta ya jimbo hilo huanza na 66. Ipige picha bahasha kwa mwanga wa ubavuni, mikwaruzo ya kalamu itaonekana hata pale wino ulipofifia.

Mkishapata mji, andikieni ofisi ya uandikishaji wa raia ya manispaa hiyo, inayoitwa "ufficio di stato civile", mkiomba nakala kamili ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake na kueleza kwamba ninyi ni uzao wake. Msiridhike na cheti kifupi, maana katika nakala kamili ndoa na kifo huandikwa pembeni, na hapo ndipo mtakapojua kama alioa na kama yu hai. Halafu kuna orodha za vijana walioitwa jeshini, "liste di leva", ambazo baada ya miaka 70 tangu mwaka wa kuzaliwa huhamishiwa "Archivio di Stato" ya jimbo, yaani hifadhi ya nyaraka za serikali. Humo huandikwa urefu wa kijana, rangi ya nywele na ya macho, hata umbo la pua. Mama yako anauliza anafanana na nani, na jibu lake la kwanza linaweza kuwa humo.

Mzee wa Mambrui

Mwanangu, sikumjua babu yako, lakini tarehe 12 Disemba 1970 nilikuwa ufukweni Ngomeni iliporushwa ile setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Wako wenzangu wachache waliofanya kazi kambini. Waendee upesi na ile picha, uwarekodi, uwaulize mpishi huyo walimwitaje. Wazee hao hawataishi milele, na majina ya utani hayamo katika nyaraka za serikali.

Saidi, Torino

Naongeza jambo moja kuhusu barua yenu ya kwanza kwa jamaa, kwa sababu mimi niliiharibu yangu. Niliandika kwamba mimi ni mtoto wa fulani na ningependa kujua haki zangu, nikimaanisha haki ya kumjua baba. Sikujibiwa. Baadaye nilielewa kwamba sheria ya Italia humhifadhia kila mtoto sehemu ya urithi, na tangu mageuzi ya mwaka 2012 haitofautishi tena kati ya aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje yake, kwa hiyo neno "haki" kutoka kwa mgeni liliingia katika nyumba ile kama hati ya mahakama. Miaka miwili baadaye niliandika upya, nusu ukurasa tu, nikaweka picha moja na kusema waziwazi kwamba siombi chochote. Shangazi alinipigia simu ndani ya wiki tatu.

Kumbukeni pia kwamba huenda babu alikuwa na mke huku, na mjane huyo hajui lolote. Ni afadhali kumwandikia kwanza mpwa au binamu, kwa Kiitaliano kilichosomwa na mwenyeji, bila kudai jibu.

Mjukuu wa Ngomeni

Shukrani zangu hazina kifani, na kwa mzee wetu wa Mambrui, shikamoo. Jana usiku tuliiweka bahasha ya mwaka 1977 kando ya taa, na jina zima la ukoo likajitokeza, pamoja na herufi tano za mwisho za mji. Sitaliandika hapa hadharani kwa ajili ya watu wake. Dada Mwajuma, nitakutumia faraghani, ukikubali, na rasimu ya barua pia.

Leo asubuhi mama aliwasha jiko. Alitafutiwa Salamu Maria nzima kwa Kilatini, akaisoma polepole kutoka kwenye simu yangu chuma kikiwa motoni, akageuza, akasali Baba Yetu kwa Kiswahili. Mkate ulitoka na rangi ileile ya mikate ya bibi. Tumepiga picha wa kwanza, na ndio tutakaoutia ndani ya barua.